Tundu Lisilokuwa Katikati

Binamu yangu Wafula alisema sitamaliza baridi moja. Alisema hayo jikoni kwake Maple Grove, mbele ya mkewe Nekesa na wageni wanne wa kanisani, huku akinipakulia ugali kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Jamaa ametoka Kitale na diploma ya elektroniki," akawaambia wageni. "Amepata kazi kwenye nyumba ya wazee, shifti nzuri, bima juu. Sasa anataka kuacha akaoshe santuri kwa mzungu. Santuri, jameni. Hata kwetu santuri zilizikwa na babu."

Wakacheka. Mmoja alisema Mkenya hawezi kuujua muziki wa Wamarekani kiasi cha kulipwa kwa ajili yake. Mwingine, aliyekuwa na digrii mbili na gari ambalo haliwaki Januari, alisema diploma ya Kenya hapa Minnesota ni ya kuzibia dirisha lililopasuka. Nikamaliza ugali, nikamshukuru Nekesa, nikaenda zangu. Katika kazi ile nilikaa miaka ishirini na sita. Diploma ile ilitundikwa juu ya benchi langu muda wote huo, na dirisha lililopasuka sijawahi kuwa nalo.

Sasa nimestaafu, nimerudi Kitale kwenye nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu miwili, na ninawaandikia Njeri na Baraka, ninyi mnaobaki kwenye benchi lile. Vyeo na mishahara sitavitaja. Nitawaambia juu ya zana, juu ya mtu aliyenifundisha, na juu ya kosa moja ambalo sikuwahi kuwasimulia nikiwa mwalimu wenu, kwa sababu nilipenda mnione kama mnavyoniona.

Duka mnalijua: ngazi tisa kushuka chini ya ardhi, kusini mwa Minneapolis, kapeti inayonuka karatasi za zamani. Mwenye duka, Arne, mlimkuta akiwa mzee. Mimi nilimkuta ana nguvu, mrefu, asili yake Norwei, mtu wa kusema maneno kumi kwa siku na kujuta matatu. Siku ya kwanza hakuniuliza habari za diploma. Aliuliza, "Unaweza kukaa kimya?" Nikasema naweza. Akanipa santuri tatu chafu, brashi ya manyoya ya mbuzi na bakuli la maji yaliyochujwa. Niliziosha vizuri mno. Niliziosha hata lebo za katikati, zile karatasi zenye majina ya wanamuziki, zikavimba kama mkate uliotiwa chai.

Arne alizitazama, akazianika, akaziweka kwenye rafu juu ya benchi langu. Zilikaa hapo mwaka mzima. 

Nilijifunza upesi, na hilo naweza kulisema bila kuomba radhi. Miezi sita tu, nikawa natambua kwa lenzi kama mfuo wa santuri umeliwa na sindano au umejaa vumbi tu. Mwaka wa pili nikawa natengeneza gramafoni ambazo mafundi watatu wa Saint Paul walikuwa wamezikataa. Lakini kanuni ya kwanza ya Arne niliichukulia kama tahadhari ya mwoga. Alikuwa akiirudia kila santuri ya mteja ilipofika: "Kwanza irekodi kama ilivyo, na makosa yake yote. Kutengeneza ni baadaye."

Alinifundisha pia historia, kidogo kidogo, kwa namna yake. Duka letu liliishi kwa muziki wa soul wa miaka ya sitini, hasa ile miziki isiyo na maneno, ambayo kinanda na gitaa ndivyo vinavyozungumza. Wanunuzi wengi waliandika kutoka Uingereza. Nikamuuliza Arne kwa nini mtu wa Manchester alipie santuri ya bendi ya Saint Paul ambayo hata Saint Paul imeisahau. Akanieleza kuhusu vijana wa Kiingereza walioitwa mod: suti zilizobana, nywele zilizochanwa kwa rula, skuta zenye vioo vingi kuliko ulazima. Vijana hao walicheza dansi kwa santuri za Wamarekani weusi. Kisha wakaunda bendi zao, wakaiga walichokisikia, wakakitia maneno, na dunia ikakinunua.

"Walituuzia shati letu wenyewe," Arne alisema. "Walilipiga pasi tu."

Nilikuwa nimeshafanya kazi miaka kumi na minane Mama Ernestine aliposhuka zile ngazi tisa, mkono mmoja ukutani, mwingine ukiwa umeshika bahasha kifuani. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa huko Saint Paul, mama wa Kimarekani mweusi, umri wake ukielekea themanini, kofia yake imenyooka kuliko rafu zetu. Nilimwita Mama kama ninavyowaita wote wa rika lake. Akatabasamu, akaniita mwanangu, na hapo tukawa tumemaliza kujuana.

Ndani ya bahasha mlikuwa na santuri ndogo yenye lebo ya manjano na mchoro wa tairi. Jina la muziki kwa Kiswahili ni kama Matairi ya Theluji. Aliutunga akiwa na miaka kumi na tisa, akaurekodi na vijana watatu wa mtaani kwake. Waliuza nakala kwa vinyozi na kwenye milango ya kumbi, wakasambaratika, na wale watatu wote sasa ni marehemu.

"Ni hii tu niliyobaki nayo," alisema. "Nataka nakala kwenye diski, wajukuu waisikie. Na kuna jambo jingine, lakini hutaniamini."

"Nijaribu, Mama."

"Kuna wimbo wa vijana fulani wa London. Una maneno, unahusu msichana na basi. Chini ya yale maneno ni kinanda changu. Nimewaambia watu miaka hamsini. Wananiambia nyimbo zote hufanana." Akaisogeza bahasha kwenye kaunta. "Sitaki hela zao. Wamekufa karibu wote. Nataka tu mahali fulani paandikwe kwamba ni mimi niliyeutunga, nikiwa bado naweza kusoma maandishi."

Nilimwahidi kazi bora kuliko zote alizowahi kuona. Sikuwa natania.

Nilipoiweka kwenye gramafoni niliona mara moja kasoro. Tundu la katikati halikuwa katikati. Kiwandani, lile bamba la chuma linalogandamiza plastiki lilikuwa limefungwa upande, kwa unene wa kucha tu, lakini unene wa kucha unatosha. Mkono wa sindano ulikwenda kushoto na kulia kama mtu aliyelewa kwa adabu, na sauti ikapanda na kushuka kila santuri ilipozunguka mara moja. Katikati ya muziki kinanda kinashika noti moja ndefu, na noti hiyo ilikuwa ikipepesuka vibaya.

Nikaamua kumtengenezea mama huyu santuri yake, imalize kuyumba milele, hata atakapoicheza nyumbani bila mimi. Nikachukua tupa, nikakwangua upande mmoja wa tundu. Upande wa pili nikabandika pete nyembamba ya plastiki niliyoichonga mwenyewe. Ilinichukua siku mbili. Nikairudisha kwenye gramafoni na mkono wa sindano ukatulia kama umegandishwa. Ndipo nikarekodi.

Mama Ernestine alikuja akaisikiliza dukani kwa vifaa vya masikioni. Muziki uliisha, naye akabaki navyo masikioni, macho kwenye meza. Kisha akavivua, akasema, "Asante, mwanangu," akachukua diski. Santuri akaniachia niitafutie jalada gumu. Nilijua nimefanya kazi ambayo hakuna fundi mwingine wa miji ile miwili, Minneapolis na Saint Paul, angeifanya. Bado naamini hivyo. Ndiyo shida yenyewe.

Mimi pia ndiye niliyemwandikia bwana mmoja wa London, mteja wetu wa siku nyingi, aliyekuwa akiandaa mkusanyiko wa nyimbo za wakati wa mod pamoja na kijitabu cha maelezo yake. Nilimweleza madai ya Mama Ernestine. Baada ya wiki mbili akajibu, na barua yake niliisoma nimesimama.

Alisema kuna jambo katika wimbo ule wa msichana na basi ambalo limemsumbua miaka mingi. Muziki unahesabiwa nne nne, lakini mpiga gitaa anaipindisha noti ndefu kila baada ya mapigo matatu. Hakuna anayetunga hivyo, na hakuna bendi nyingine ya wakati ule iliyofanya hivyo. Alikuwa anashuku kwamba vijana wale walijifunza muziki huo kutoka kwa santuri yenye tundu lililokaa vibaya, wakadhani kuyumba kule ni ufundi. Sasa anauliza: je, santuri ya mama inayumba? Kama inayumba, na kama mzunguko mmoja ni sawa na mapigo matatu, basi dai la mama limethibitika. Kijitabu kinakwenda kuchapwa mwisho wa Aprili. Ilikuwa Februari.

Nilipiga hesabu kwenye kipande cha karatasi. Santuri inazunguka mara arobaini na tano kwa dakika. Matairi ya Theluji yana mapigo mia moja thelathini na tano kwa dakika. Gawanyeni wenyewe.

Nikaenda kwa Arne. Aliishika santuri, akaiangalia pete yangu ya plastiki kwa muda mrefu. Ilikuwa imechongwa vizuri, hata yeye aliona.

"Ungeilaza tu bila adapta ya kujaza tundu," alisema, "ukaisogeza kwa kidole hadi ikae katikati. Nilikuonyesha mwaka wako wa kwanza."

"Nilitaka iwe nzuri hata kwake nyumbani."

"Ulirekodi kabla?"

Nikatikisa kichwa.

"Ninaweza kuibandua hii pete," nikasema. "Nitaisogeza mahali ilipokuwa. Nakumbuka vizuri, ni unene wa kucha."

"Ya kidole gani?"

Nikatazama kucha zangu.

"Kuyumba huko kutakuwa kwako," Arne alisema. "Utakuwa mghushi mwenye diploma." Kwa Arne hiyo ilikuwa hotuba. Akanirudishia santuri. "Kila nakala iliyotoka kwenye bamba lile ina kosa lile lile. Katafute nyingine. Zaidi ya moja, na kwa watu wasiojuana."

Wenye santuri adimu hawaazimi. Mnajua hilo, Njeri na Baraka: mkusanyaji atakuazima figo kabla ya santuri. Nilipiga simu kwa wote niliowajua na hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo. Nilibandika picha kwa vinyozi na kwenye makanisa. Machi ikafika na sikuwa na kitu. Mama Ernestine alikuwa akipiga simu kila Jumatatu, akiuliza kwa upole kama London wamejibu. Nilimwambia wanataka nakala zaidi za kulinganisha. Hilo lilikuwa kweli. Habari ya tupa sikumwambia.

Jumapili moja, baada ya ibada, Nekesa alinikuta nimekaa garini.

"Shemeji, una uso wa mtu aliyefukuzwa kazi."

Nikamweleza yote, na yeye ndiye mtu wa kwanza baada ya Arne kujua. Hakucheka. Nekesa alikuwa ameuguza wazee nyumbani kwao kwa miaka mingi, na anajua kunyamaza kunakofaa.

"Hizi santuri ziliuzwa kwa nani?" akauliza.

"Kwa vijana wa Saint Paul."

"Hao vijana sasa wana miaka mingapi?"

"Kama themanini."

"Shemeji, nani anawaogesha? Nani anawapikia uji? Ni sisi. Kila shifti, mji mzima, kuna Mkenya anaketi karibu na kabati la mtu wa themanini. Nitumie hiyo picha."

Akaituma kwenye kundi la simu la akina mama wa kanisa. Aliweka masharti yaliyonifanya nimheshimu upya: asiguse mtu kabati, muulize mwenyewe, na kama akili yake imechoka waulize watoto wake, na wakikataa basi. Miaka kumi na minane nilikuwa nimewaambia watu wa kanisa lile kwamba mimi nimetoka kwenye kazi ya wazee kwa sababu nina elimu ya ufundi. Walijua nilivyosema. Wakatafuta tu.

Ndani ya siku tisa tulipata tatu.

Ya kwanza ilikuwa Hopkins, ghorofa ya tatu bila lifti, kwa Mzee Walter, aliyekuwa akigawa barua kwa miguu maisha yake yote. Ya pili ilikuwa ya kinyozi mmoja wa Saint Paul aliyeirithi pamoja na kiti. Mama yake alikuwa akihudumiwa na rafiki wa Nekesa. Ya tatu ilikuwa Maple Grove kwenyewe, barabara mbili tu kutoka jikoni nilikochekwa. Ilikuwa ya mjane ambaye mumewe alitumikia jeshi la anga katika kambi ya Wamarekani huko Uingereza. Aliniambia mumewe alisafiri na nakala kumi na akarudi na moja. Tisa aliwaachia vijana wa Kiingereza waliokuja na skuta zao kucheza dansi kambini. Nilimwomba alirudie hilo, nikaliandika neno kwa neno, akatia sahihi.

Wafula ndiye aliyenipeleka kote. Theluji ilikuwa imerudi, na gari langu lilikuwa na matairi yaliyokwisha.

"Mimi nita-drive," alisema. "Wewe shika hizo santuri zako kama mayai."

"Zilizikwa na babu," nikamkumbusha.

"Wewe shika tu."

Niliwaahidi wote watatu maneno yale yale: sitaosha, sitagusa tundu, nitairudisha kwa mkono wangu mwenyewe. Mzee Walter aliniuliza kama nina cheti cha kazi hiyo. Ni mara ya pekee maishani ambapo nilikuwa na diploma na sikuitaja.

Nikazirekodi kama zilivyo, vumbi na yote, Arne amesimama nyuma yangu. Zote tatu ziliyumba. Ziliyumba kwa kiasi kile kile, na noti ndefu ilianza kupinda mahali pale pale, kila mapigo matatu. Kisha Arne akaweka wimbo wa London. Gitaa lilipinda mahali pale pale. Arne akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akazishusha zile santuri tatu zenye lebo zilizovimba kutoka kwenye rafu, akaziweka kwenye kabati. Zilikuwa zimesharudishwa rafuni siku niliyomwonyesha ile pete. Nilisahau kuwaambia hilo.

Jibu la London lilikuja kabla Aprili haijaisha. Yule bwana alikuwa amempata mpiga gitaa, wa pekee aliyebaki hai katika bendi ile, mzee sasa, anayeishi karibu na bahari. Alipochezewa rekodi zetu alicheka hadi akakohoa. "Tulidhani Wamarekani ndivyo wanavyopiga," alisema. "Nilifanya mazoezi ya kuipindisha noti ile mwezi mzima." Alikubali bila kubishana. Katika kijitabu, chini ya wimbo wa msichana na basi, jina la Mama Ernestine liliandikwa la kwanza katika watunzi, na Matairi ya Theluji yenyewe ikawekwa kwenye mkusanyiko, na kuyumba kwake.

Kijitabu kilipofika, ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, nikaenda kulipa deni langu. Kwetu, ukiazimwa sufuria huirudishi tupu, kwa hiyo kwa kila mwenye santuri nilikuwa na kijitabu, diski ya rekodi, na mfuko wa maandazi ambayo Nekesa aliyakaanga tangu alfajiri. Wafula alishika usukani tena.

Mjane wa Maple Grove alisoma jina la mumewe kwenye shukrani, akaniomba nimsomee mara ya pili. Kinyozi alitundika santuri yake ukutani kabla sijatoka. Mzee Walter wa Hopkins alinusa mfuko.

"Nilikuazima santuri, unaniletea mikate?"

"Ndivyo tunavyorudisha kwetu, Mzee."

Alikula andazi zima akifikiri. Kisha akanirudishia santuri yake mkononi. "Mimi sina tena gramafoni. Mpelekee yule binti wa kinanda. Nilimpenda sana enzi zile, lakini usimwambie."

Mama Ernestine alikuwa wa mwisho. Alisoma kijitabu kwa lenzi yake, kidole kikifuata mistari, na alipofika kwenye jina lake kidole kikasimama. Sikumwacha afurahi nikiwa na lile jambo moyoni. Nikaweka mezani santuri yake na ile ya Mzee Walter, nikamwonyesha tupa ilipopita, nikamweleza kila kitu. Nikamwambia kwamba kwa majivuno yangu nilikaribia kulifuta jina lake.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimepiga kinanda miaka sitini. Unadhani sikusikia? Nilijua siku ile ile dukani."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini?" Akaichukua ile niliyoikwangua, akaiweka kwenye gramafoni yake ndogo. Noti ndefu ikatoka imenyooka. Vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya kitambaa cha meza. "Hivi ndivyo nilivyopiga. Siku ile studio, hivi. Ilipotoka kiwandani inapepesuka, vijana wenzangu walidhani mkono wangu ulitetemeka. Nami nikaja kuamini. Miaka hamsini nilikuwa naona aibu kwa noti hii." Akaiacha iishe. "Ile inayoyumba ndiyo waliyoichukua London. Hii ndiyo yangu. Nilikuwa sijaisikia tangu nina miaka kumi na tisa."

Akachukua kalamu. Kwenye jalada la santuri ya Mzee Walter akaandika jina la London. Kwenye jalada la ile yake akaandika jina lake na majina ya wale vijana watatu, taratibu, kisha akanisukumia kalamu.

"Andika na lako. Ulikuwa kwenye bendi, ulichelewa tu."

Nikaandika. Naamini ndiyo santuri pekee ya soul katika miji yote miwili yenye jina la mtu wa Kitale, na huyo mtu ni mimi. Kisha nikateremka hadi garini, Wafula amewasha injini, na tangu Machi ile ndiyo mara ya kwanza nilikaa kwenye kiti kile bila kitu cha mtu mapajani.